Waambie kuhusu vita

Yani tangu Jumanne kichwa changu kimeganda hapo hapo. Wiki yenyewe imejaa mambo, wifi kajifungua salama kule kambini Nyarugusu, Tanzania, Baba Neema kapita ile intavyuu, lakini mimi nikiosha vyombo, nikiendesha gari, nikimgeuza bibi wa watu kitandani kazini, namsikia tu yule mama kaniinamia sikioni, "Waambie kuhusu vita."

Ni ule mkutano wa makelele ya F-35, hizi ndege za kivita zinazoruka hapa kwetu Vermont, Marekani, niliosema nitaenda. Mnaonisoma mnajua mimi nalala mchana. Natoka zamu ya usiku kwa wazee ninaowahudumia saa moja asubuhi, Neema namwacha shule, hadi nishike mto saa mbili imeshapita, na usingizi haujakolea ndege hizo hapo, ya kwanza, ya pili, ya tatu, dirisha linatetemeka, vikombe vinagongana kabatini, mtoto wa jirani wa juu anaanza kulia. Uwanja wa ndege ni mali ya mji wa Burlington, umejengwa South Burlington, alafu ndege zikiruka zinapita juu ya sie wa Winooski, kamji ka maili moja na nusu za mraba. Tulivyofika bado zilikuwa F-16, za kivita za zamani, nazo zilikuwa na kelele zao, ila hizi za 2019 ndo baba lao. Na watu wa Burlington walipiga kura 2018 kuomba zisiletwe, wengi wakakubali zisiletwe, Jeshi la Anga likazileta.

Nilikuwa nimejiandaa bana. Nilikesha na simu kazini nasoma ile ramani inayoonyesha kelele za uwanja zinafika wapi. Mstari wa desibeli 65 ni wastani wa mwaka mzima, yani zile dakika chache za kishindo zinamwagwa kwenye masaa yote 24, hadi yale ya kimya, ndo inatoka namba yenye adabu namna hiyo. Ndege ikipita usiku inaongezewa desibeli 10 kwa sababu watu wamelala, sasa usiku wao unaanza saa nne unaisha saa moja asubuhi. Saa moja! Ramani inaacha kunihesabu dakika ile ile nnayotoka kazini. Hicho ndicho nilichotaka kusema, hicho na madirisha, maana kuna mpango wa kuzuia kelele majumbani ila anayesaini ni mwenye nyumba, na wa kwetu hata bomba la sinki likivuja anajibu kwa kidole gumba.

Nikasimama nikasema, kwa Kiingereza changu hichi hichi. Nilipofika kwenye usiku na mchana mzee mmoja wa mbele mwenye kofia akaanza kuandika, nikasema eeh, leo nasikika. Ndo yule mama pembeni yangu, yeye ndo aliyenialika, ana bangili ya shanga ambayo kila tukikutana ananiambia imetoka Kenya, akanishika kiwiko, "Waambie kuhusu vita." Nikamjibu polepole, "Mama, mimi naongelea usingizi." Akanitazama kwa huruma, ile huruma nzito, akachukua maikrofoni akawaambia dada yetu ni vigumu kwake kusema, kila zikipita anarudi kule alikokimbia. Ukumbi mzima ukaguna. Wa kofia akaweka kalamu chini, akashika kifua.

Kule wapi? Sie wa Fizi, Kongo, hatukukimbia ndege. Waliotukimbiza walikuja kwa miguu, usiku, hata mbwa hawakubweka. Kinachonishtua mimi mpaka leo ni kimya cha saa nane za usiku, na hicho simgawii mtu kwenye ukumbi wa kahawa ya bure. Sisemi hakuna wanaoshtuka, jirani yangu wa chini akizisikia anaingia bafuni na watoto anafunga mlango, lakini hiyo ni yake, akitaka ataisema. Mimi nilikuja kama mpangaji. Kwani mpangaji hasikilizwi mpaka alie?

Na yule mama ana roho nzuri, kaanza kupigania hili jambo mimi hata Vermont siijui iko wapi. Ndo maana inauma. Angekuwa mbaya ningeshamjibu nikasahau.

Basi jana nikamsimulia mama mkwe, anachambua mboga, nikitegemea anionee huruma.

"Kwa hiyo walikulilia?"

"Karibu walie, mama."

"Na dirisha wamekupa?"

"Hapana."

Akacheka huyo mpaka kisu kikamdondoka. Tukiwa hapo hapo zikaruka, na yeye mbio dirishani, maana mama huwa anazihesabu zikitoka na anazihesabu zikirudi, moja ikichelewa hatulii, "mtoto wa mtu yumo mle." Nikajikuta na mimi nacheka, kilemba cha kulalia kichwani, usingizi wenyewe umeshakwenda. Mkutano ujao naenda naye. Wamuulize yeye kuhusu vita, awaulize yeye kuhusu dirisha.

Saizi kinachoninyima raha ni gari. Fundi kaingia chini kagonga na bisibisi, kutu ikamwagika chini hadi nikaona aibu, anasema chumvi ya barabarani imekula na hivi lilivyo halipiti inspeksheni, na mwezi unaisha Ijumaa. Mwenye kumjua mtu anayechomelea kwa bei ya binadamu aniandikie inboksi, nawaomba sana.