Jiwe la Njia ya Soni

Juzi, tulipokuwa tukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, tulisimama karibu na Soni kununua mapeasi, na binti yangu akaketi juu ya jiwe lililokuwa kando ya meza ya muuzaji. Nilipogeuka nilimkuta akipitisha kidole chake katika mfereji mwembamba, laini na ulionyooka, mfano wa alama ya bomba lililopasuliwa katikati. Aliniuliza nani aliyelichonga jiwe lile. Nilimjibu kwamba ni baruti, naye akanitazama kama anavyonitazama kila ninapomweleza jambo nusunusu. Siwezi kuapa kwamba ni kipande cha jiwe ninalolijua mimi, kwa kuwa barabara hiyo imeangukiwa na mawe mengi, lakini mfereji ule, nusu ya tundu la baruti, ulinirudisha katika Ramadhani ya mwanzo wa mwaka 1998.

Zilikuwa mvua za El Nino. Bibi alikuwa amenichukua Tanga twende naye Lushoto kumwona dada yake mgonjwa, na basi letu lilisimama chini kidogo ya Soni, nyuma ya msururu wa malori yaliyokuwa yanapanda kufuata kabichi. Mbele yetu, usiku uliotangulia, mlima ulikuwa umeachia mawe matatu. Kubwa lao lilizidi mita 2 kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, na fundi aliniambia baadaye kwamba jiwe la namna hiyo halipungui tani 20.

Katapila lilikuwepo, na abiria wengi walishindwa kuelewa kwa nini lisiyasukume mawe hayo yakatumbukia bondeni. Wenye kuijua njia ile wanaelewa. Barabara hujipinda na kurudi juu ya mgongo wake yenyewe, hivyo kilichokuwa chini ya mawe yale hakikuwa bonde tupu, bali barabara ile ile tuliyokwisha kuipita, yenye magari mengine yaliyokuwa yakisubiri, na chini yake mashamba na nyumba za watu. Jiwe likishaanza kubingirika halina breki. Ilibidi livunjiwe pale pale.

Fundi wa baruti aliletwa mchana na gari mbili, moja ikiwa na sanduku la baruti na nyingine ikiwa na fataki za kuilipulia, kwa kuwa vitu hivyo viwili havisafirishwi pamoja, na askari mwenye bunduki alisimama kando yake muda wote. Alikuwa mzee mfupi aliyejifunga kitambaa kichwani. Nilidhani ni urembo, mpaka alipotufukuza sisi vijana tuliosogelea sanduku, akisema kwamba harufu ya vitu vile humpasua mtu kichwa, na kwamba yeye hajawahi kuizoea. Alichoronga tundu moja katika kila jiwe, kwa mashine ya upepo iliyotutia vumbi hadi kwenye kope, akapita kidogo katikati ya unene wa jiwe kisha akaacha. Dereva mmoja alimshauri aiweke baruti juu ya jiwe na kuifunika kwa tope, kama alivyoona kwingine, ili kazi iishe upesi. Fundi alimjibu kwa upole kwamba njia hiyo hula baruti mara kadhaa zaidi na nguvu nyingi huishia hewani, ilhali kipande kidogo kilichofungiwa tumboni mwa jiwe hakina pa kutokea ila kulipasua.

Cha kufungia kilikuwa udongo, na udongo ndio ulionifikisha kwake. Aliutaka wa mfinyanzi, usio na kokoto hata moja, nami nikaufinyanga vipande virefu kama mihogo midogo, naye akavishindilia tunduni kwa kijiti cha mbao. Nikamwuliza kwa nini hatumii nondo. Alisema kwamba chuma hutoa cheche. Kisha alikata kipande cha utambi, akakiwasha chini huku akitazama saa yake, akaridhika kwamba mita moja inaungua kwa takriban dakika mbili, akazikata tambi tatu kwa urefu tofauti ili kila jiwe lilie kwa zamu yake.

“Kijana, masikio yako bado mapya,” akaniambia. “Utanihesabia. Lakini usihesabu kwa masikio. Mlio wa kweli utaupata miguuni. Unaobaki masikioni ni mwangwi wa mlima.”

Walituondoa sote hadi nyuma ya kona, kiasi cha mita 500. Ilikuwa imekaribia saa kumi na mbili jioni, wingu limelala juu ya miti na jua limekwisha kufichwa na mlima, japokuwa magharibi ilikuwa bado. Filimbi ililia mara tatu. Sijapata tena kusikia ukimya kama ule katika barabara iliyojaa watu: makondakta walinyamaza, watoto wachanga walinyamaza, injini zote zilikuwa zimezimwa, na kilichosikika kilikuwa maji ya mto peke yake. Nilivua viatu ili miguu ipate kusikia vizuri. Fundi akatokea kwenye kona, akitembea. Hakukimbia hata kidogo. Alikuwa akishusha mikono ya shati lake kama mtu atokaye kutawadha. Askari alimwashiria aharakishe, naye akasema anayekimbia ndiye anayeanguka.

Mlio wa kwanza ulinipanda nyayoni kabla sijausikia. Ardhi ilisukumwa kutoka chini, kisha hewa ikapasuka, na mlima ukaanza kuurudisha mshindo huo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukaja mwingine miguuni. Halafu mwangwi, na mwangwi wa mwangwi. Nikangoja wa tatu. Miguu yangu haikupata kitu.

Nilipogeuka kumtafuta Bibi, nilimwona ameketi kwenye ngazi ya basi, tende imo kinywani na nyingine kiganjani. Bibi alilelewa Unguja, ambako futari ilitangazwa kwa mzinga, na katika giza lile la wingu masikio yake yalikuwa yamerudi Unguja bila kumuaga.

“Umehesabu ngapi?” fundi akaniuliza.

Watu wote walinitazama. Nyuma yangu walikuwa madereva waliokuwa na njaa, na katika basi kulikuwa na kikongwe aliyekwenda kumwona dada yake. “Tatu,” nikasema.

Fundi alinitazama miguu, ambayo ilikuwa mitupu, kisha akanitazama usoni. “Mimi nimepata miwili,” akasema. “Tutakaa nusu saa.” Madereva wakalalamika kwamba hata kijana amesikia mitatu, lakini hakubishana nao. Aliketi juu ya sanduku tupu akaitazama saa yake.

Nusu saa hiyo wengi waliitumia kumhukumu Bibi. Mmoja alisema funga yake imeharibika, mwingine akasema aliyesahau hulishwa na Mungu, wa tatu akajibu kwamba huyu hakusahau bali alikosea wakati, na hilo ni jambo jingine, na wa nne akauliza kwa nini msafiri alikuwa amefunga tangu mwanzo. Bibi aliwasikiliza wote, akaifunga ile tende nyingine katika ncha ya kanga, akangoja adhana kama wenzake. Baada ya Idi aliilipa siku ile, bila kumwuliza shehe yeyote.

Fundi alikwenda peke yake, akarudi akiwa ameshika kipande cha jiwe. Yote matatu yalikuwa yamepasuka. Mawili yalilia kwa pamoja, akasema, maana tambi nazo zina ubishi wao. Madereva walinipigapiga mgongoni kwa furaha. Yeye hakusema neno. Alinipa mkono, akauacha mkononi mwangu muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akaenda kuliruhusu katapila.

Hayo yote nilimsimulia binti yangu pale kwa muuzaji, isipokuwa sehemu moja. Alikuwa bado ameweka kidole katika mfereji wa jiwe.

“Kwa hiyo wewe ulisikia ngapi?” akaniuliza.

Nikamwambia apande gari, mapeasi yataiva njiani.