Siku moja karakanani: bajaji za umeme za kubeba taka, Mji Mkongwe

Saa 11 alfajiri. Bajaji sita za mizigo ziko kwenye chaja. Kabla ya kuchomoa, napitisha kiganja kwenye kila plagi. Ikiunguza, soketi imelegea. Chaja haina kosa. Kila chaja inavuta kilowati 1.8 hivi. Mbili kwa kila fezi (waya mmoja kati ya mitatu inayoleta umeme) ni ampea 16. Zote sita kwenye fezi moja ni ampea 47: swichi inaruka usiku wa manane, asubuhi hakuna gari.

Saa 12. Zinatoka. Vichochoroni ni simama, pakia, sogea hatua kumi, simama tena. Mota ya umeme ikisimama haili kitu. Injini ya petroli inanguruma bure. Lori la kwenda jaani Kibele tumeliacha na dizeli yake, na sioni haya kusema hivyo. Betri ya kubeba tani zile kwa masafa yale bado ghali mno.

Saa 3 asubuhi. Dereva karudi kutoka Darajani. "Fundi, ikishiba mzigo inazima."

Betri ina seli 24 za lithiamu, volti 3.2 kila moja. Gari ikiwa imetulia, zote zinasoma sawa. Usiridhike, pima inapotembea na mzigo. Kwenye ampea 80 zote zinashuka hadi 3.1, ila ya 17 BMS, kifaa kinacholinda betri, inaisoma 2.75. Hapo wengi wanakimbilia kuagiza seli mpya. Weka kwanza ncha za mita kwenye nguzo ya seli yenyewe, si juu ya kibati cha shaba kinachoiunga na jirani yake: 3.1. Kumbe seli nzima! Volti 0.35 zinapotea kwenye kiungo, yaani wati 28 za joto kwenye bolti moja.

Kibati kimeota kutu ya kijani. Maji ya samaki ya marikiti hayo. Zima swichi kuu, vua saa na pete, vaa glavu, zungushia mpini wa spana utepe. Sugua mpaka shaba ing'ae, kaza kwa kipimo cha kiwanda (hizi ni Nm 5), usizidishe. Uzi wa tundu la bolti ni wa alumini, unatoka. Grisi paka ukishakaza, si kabla.

Saa 7 mchana. Paneli kumi za sola za wati 550 zinatosha chaja mbili, kunguru wakiturehemu. Uchafu wao kwenye paneli moja unavuta chini mstari mzima. Osha kwa maji baridi, si ya chumvi. Anayeziona pambo akumbuke umeme wa Unguja unapita chini ya bahari, Ras Kiromoni hadi Fumba. Ulipokatika Disemba 2009 tulikaa gizani miezi mitatu.

Saa 10 jioni. Kuosha gari: ndoo na kitambaa. Mpira wa presha unasukuma maji ndani ya kontrola, kifaa kinachoongoza mota.

Saa 1 usiku. Hatuchaji. Nyumba zote zinapika na viyoyozi vinavuma, volti inashuka, chaja inajizima na kujiwasha mpaka relei, swichi yake ya ndani, inaungua.

Saa 4 usiku. Mita inasoma volti 226. Chomeka, mbili kila fezi.