Maji matamu ya Krete

Loutro hakuna gari. Hakuna hata bodaboda. Kijiji kiko kusini mwa kisiwa cha Krete, Ugiriki, kimebanwa kati ya mlima na bahari; ukitaka kufika, panda boti kutoka Chora Sfakion au tembea. Mimi nilipanda boti, mwezi wa tano, baada ya kumaliza kazi iliyonipeleka kisiwani. Nimesharudi Dodoma, lakini ukimya ule bado ninao masikioni.

Nyumba ni nyeupe, madirisha ya bluu, zimeizunguka ghuba kama watu wanaoota moto. Alfajiri unasikia kengele za mbuzi mlimani. Mwenyeji wangu, mama wa makamo, alinichemshia mboga za porini, akazimwagia mafuta ya zeituni na limau. Nilikula zote. Sisi tuliokulia Mvumi tunajua thamani ya jani la kuchuma mwenyewe.

Wataalamu wengi wanasema hapa ndipo ilipokuwa Foinike ya Matendo ya Mitume sura ya 27, bandari ambayo meli ya Paulo ilishindwa kuifikia. Nilikaa gatini nikaisoma sura yote.

Ila kilichonigusa zaidi kiko mwendo wa saa moja na ushee kwa miguu kuelekea mashariki. Ni ufukwe wa kokoto unaoitwa Glyka Nera, yaani Maji Matamu. Nilipiga magoti hatua chache tu kutoka kwenye mawimbi, nikaanza kufukua kwa mikono. Kokoto za juu zilikuwa za moto, za chini zina unyevu, kisha kiganja kikazama kwenye maji ya baridi mpaka vidole vikauma. Nikafanya alivyonifundisha bibi korongoni: teka ya kwanza umwage, ya pili umwage, subiri yatuame. Nikaonja. Hayana chumvi hata kidogo!

Maji hayo yanatoka juu, Lefka Ori, Milima Myeupe, ambayo kilele chake cha Pachnes kina mita 2,453. Theluji ikiyeyuka na mvua ikinyesha, maji huzama kwenye nyufa za mawe ya chokaa, yakapita chini kwa chini hadi baharini. Kwetu mvua zikikatika Aprili, korongo hukauka juu tu. Ikifika Agosti tunayafuata maji chini ya mchanga kwa jembe na kata, shimo linazidi kwenda chini kila wiki, na foleni ya ndoo inaanza kabla ya jogoo.

Nikampigia mama pale pale, nikamwonyesha kwa video. Aliangalia kwa muda bila kusema neno.

"Wamezungushia miiba, mwanangu? Ng'ombe wasije wakakanyaga."

Nikamwambia ng'ombe hakuna, ila kuna mtu alikuwa amepanga mawe kuzunguka shimo lake.

"Basi wanajua," akasema mama.