Siku ya mizani

Saa 10 na nusu alfajiri

Wanaodhani Kongo yote ni joto waje kwetu Katuba, mtaa wa Lubumbashi, mwezi wa saba, saa kumi na nusu alfajiri, waoge maji ya ndoo. Mimi nanawa uso tu, Mungu anisamehe, kisha nahakiki begi: mizani ya kuning'iniza, kamba, chupa nne za kioo zenye vifuniko, na chumvi. Hiyo chumvi imeshinda juani jana mchana kutwa. Mtaona kwa nini.

Kazi yangu ni monitere wa kilimo. Wenzetu wa Tanzania husema afisa ugani. Leo kijiji kimoja cha upande wa barabara ya Kasenga kina maonyesho yake ya mavuno ya kila mwaka. Huko hakuna anayeniita kwa jina. Mimi ni Madame wa Mizani.

Saa 12

Pikipiki, vumbi jekundu, kitenge juu ya koti. Tunapishana na baiskeli za makala, yaani mkaa, zinazoelekea mjini. Magunia yamepangwa juu mpaka mwenye baiskeli haonekani, unaona miguu tu ikisukuma. Zamani miti ilikuwa inaanza karibu na mji. Sasa dereva ananionyesha kwa kidole mahali msitu ulipokuwa alipoanza kazi hii, na yeye bado kijana.

Saa 2

Uwanja wa shule umefagiliwa. Mazao yamepangwa juu ya mikeka na maturubai: mahindi, karanga, mihogo, viazi vitamu, maboga, mafungu ya matembele yaliyonyunyiziwa maji yasinyauke. Mbuzi wamefungwa kwenye mwembe. Shefu wa kijiji ameketi tayari. Namsalimu kwa kupiga magoti kidogo na makofi ya polepole, anaitika, ananionyesha tawi la kufungia mizani. Ni lile lile la mwaka jana.

Saa 3

Sasa chumvi. Kipimo cha umeme cha unyevu sina, na betri za kile nilichowahi kuazima zilikuwa zinaisha kila nilipozihitaji. Chupa haina betri. Unaweka chumvi kavu, robo ya chupa, unaongeza punje za mahindi mpaka nusu, unafunga, unatikisa dakika kadhaa, unaiacha itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, punje zina unyevu wa zaidi ya asilimia 15. Hayo ukiyatia ghalani yataota ukungu, na sumukuvu, sumu ya huo ukungu, haitoki kwa kupika bukari, ugali wetu.

Papa mmoja ameleta mahindi ambayo kila anayepita anasimama kuyatazama. Magunzi marefu kama mkono wa mtoto, punje nyeupe zinang'aa. Anatembea kama mshindi. Namwomba apukuchue gunzi moja, natikisa chupa, naiacha. Kioo chote kinabaki cheupe kama kimepakwa chokaa.

Mwezi wa saba, hakuna tone la mvua tangu Aprili! Namvuta pembeni, namuuliza polepole. Anatazama viatu vyake.

"Madame, niliyaosha jana. Yalikuwa na vumbi."

Sikuweza kucheka mbele yake. Nimecheka baadaye, kwenye pikipiki, peke yangu. Nilimwambia ayaanike kabla ya kuyaweka popote, na kwamba hayo aliyokuja nayo leo hayawezi kushindana.

Saa 5

Hapa ndipo siku ilipokaa. Wanunuzi wamefika kutoka mjini na gari lao. Mnaoishi mbali na Lubumbashi, jueni kwamba mji huu unakula unga mwingi unaopitia Kasumbalesa kutoka Zambia. Malori yakija vizuri, hawa mabwana huwasahau kabisa wakulima wa kwetu. Zambia ikipata ukame kama ule wa 2024, au serikali yake ikifunga mahindi yasitoke, wanakumbuka njia zote za vijijini, hata zisizopitika.

Huku mahindi huuzwa kwa meka, lile kopo la bati. Na meka, ndugu zangu, ina tabia ya mwenye nayo. Muuzaji akiipiga chini kwa nje, kitako kinaingia ndani, inapungua. Mnunuzi akiipiga kwa ndani, kitako kinatoka, inaota tumbo. Ukiitazama kwa juu huoni kitu.

Mama mmoja, mjane mwenye shamba dogo, ndiye aliyeona. Aliiweka meka ya mnunuzi juu ya meza ya shule ikayumba.

"Papa, hii meka yako iko na tumbo."

"Mama, iko na tumbo juu inakula muzuri."

Watu wakacheka, hata mimi. Mama hakucheka. Alinijia na meka mbili, ya kwake na ya yule bwana, akasema, "Madame, tundika." Nikajaza mahindi, nikasawazisha kwa fimbo, nikatundika. Ya mama: kilo 2 na gramu 350. Ya bwana: kilo 2 na gramu 700. Kukawa kimya. Kijana mmoja wa shule akapiga hesabu kwa sauti: meka 40 za namna hiyo ni kilo 14 za bure.

"Banatuibiaka!" akasema mtu nyuma, na uwanja ukachemka.

Lazima niseme ukweli wote: nilipima meka nyingine za wanakijiji, na tatu zilikuwa na kitako kilichoingia ndani. Wenye nazo walikuwa wale waliokuwa wakipiga kelele zaidi. Shefu aliagiza nyundo. Akaketi mwenyewe, akazipiga zote zikanyooka, ya bwana ikiwa ya kwanza. Yule bwana alinung'unika, lakini alinunua. Mahindi aliyahitaji.

Saa 8

Hotuba. Ndefu. Baadaye bukari, sombe (kisamvu), ndakala (dagaa), na munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, uliochacha kidogo tu, kama ninavyoupenda. Wakati wa kula ndipo maswali halisi yanapokuja: kiwavijeshi kimekula nusu ya shamba, tufanye nini? Tunazungumza juu ya kupanda mvua za kwanza za Novemba zikishika badala ya kungoja, juu ya kukagua majani mara mbili kwa wiki, juu ya majivu kwenye moyo wa mhindi. Mzee mmoja anasema majivu yalikuwa ya bibi yake kabla yangu. Namkubalia.

Saa 9 na nusu

Zawadi ya mshindi wa mahindi, yaani jembe na kitenge, imekwenda kwa yule mama wa meka. Magunzi yake yalikuwa ya kawaida, mengine mafupi. Lakini aliyaanika juu ya turubai, si chini, na chupa yake ilibaki safi kama imetoka dukani. Mwenye mahindi yaliyooshwa alipiga makofi, si kwa nguvu sana.

Saa 1 usiku

Nyumbani, mgongo umekufa. Chupa nimeziweka jikoni. Binti yangu ameichukua moja atie chumvi kwenye sombe, akakuta punje mbili ndani.

"Mama, hii njo zawadi balikupa?"

Nimemwambia azitoe, azipande mwezi wa kumi na moja.