Kutu iliyojificha chini ya mkeka

Jumamosi ya tatu hii nashinda uani Kigamboni na Land Rover 109 ya marehemu baba. Kila anayepita ananiambia, "Hiyo bodi ya aluminiamu, haishiki kutu." Kweli, mabati ya nje yako salama. Ila chesisi, yaani fremu inayobeba gari, na ule ukuta kati ya injini na dereva ni chuma, na upepo wa bahari hauna huruma. Nilipofunua mkeka, nikaiona ardhi!

Fundi wa zamani alikuwa ameziba tundu kwa puti na gazeti. Gazeti jamani! Hata aluminiamu, pale inapogusana na chuma, chumvi imeila ikawa unga mweupe.

Nimekata kwa grenda mpaka nikafikia chuma kizima, bati nikalifuata kwa wauza vyuma wa mtaa wa Gerezani, mjini. Tulichomoa waya wa betri kwanza, kisha jirani yangu fundi akachomelea kwa nukta nukta, akipumzisha, maana ukifululiza bati linapinda. Leo nimepaka praima, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, pande zote mbili.

Mama kachungulia, kacheka: "Baba yako angeshaliuza hilo."