Sapu ya Takwimu ndiyo iliyonilaza mapema

Mwaka wa kwanza chuoni nilikuwa mtu wa vimbweta, zile meza za nje za kusomea. Saa nane usiku bado nimo, desa (notsi za kusomea) mkononi, kahawa kwenye chupa, na aliyeaga saa nne tulimwita kuku. Asubuhi kwenye lekcha nasinzia mpaka kalamu inateleza na kuchora mstari toka juu ya daftari hadi chini.

UE, yaani mtihani wa mwisho wa muhula, ya Takwimu niliikeshea siku mbili mfululizo. Maswali nikayaona mepesi kabisa. Matokeo yakatoka: sapu, yaani nimefeli, nirudie mtihani. Niliporuhusiwa kuangalia kijitabu changu cha majibu, nikakuta hesabu 4 za kutafuta mkengeuko, zote nimezikokotoa vizuri, kasoro hatua ya mwisho: nimesahau kutafuta kipeuo cha pili. Mara nne! Fomula yenyewe nilikuwa naijua kama jina langu.

Nilipoanza kujiandaa kwa sapu nikajilazimisha kulala saa tatu. Ikawa kukodolea macho neti ya mbu tu. Nikageuza: nikashika saa ya kuamka badala ya saa ya kulala. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumapili ikiwemo. Wiki ya kwanza mateso matupu. Ya pili, ikigonga saa nne na nusu usiku macho yanafumba yenyewe. Hapo napata saa 7, kiwango cha chini kwa kijana, maana wataalamu wanataka 7 hadi 9.

Kahawa naiacha saa nane mchana. Kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa mbili usiku, saa saba nusu yake bado inakuchezea. Simu ilinisumbua zaidi. Bahati nzuri chumba chetu kina soketi moja, mlangoni. Nikawa naichaji huko, na alamu ikilia lazima niruke watu wawili waliotandika chini. Ukisharuka, usingizi umekwisha.

Msuli wenyewe, yaani kusoma kwa nguvu, nikauweka alfajiri. Usiku napitia kurasa chache, nalala, nikiamka naandika ninachokumbuka bila kufungua desa. Jambo hili halikuanza kwangu: mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapa wanafunzi wawili silabi zisizo na maana wazikariri. Waliolala baada ya kukariri ni haohao wawili, na siku walizolala walikumbuka zaidi kuliko siku walizobaki macho.

Sapu nilipata C, ambayo chuoni kwetu ndiyo ya juu kabisa kwa sapu. Muhula uliofuata GPA, wastani wa alama zangu, ikapanda toka 2.9 hadi 3.4. Sisemi ni usingizi peke yake, maana na vipindi nilianza kuvisikia.

Kilichobaki ni huyu ninayembeba kitandani, mwenzangu asiye na chumba. Anarusha mateke, na ifikapo saa tisa usiku neti yote iko upande wake.