Nimeifungua bolti ya Mosin mezani kwangu, na kitu cha kuangalia ni pini, ile sindano inayogonga nyuma ya risasi

Nikiwa hapa Texas nilinunua Mosin-Nagant 91/30, ile bunduki ya Warusi, yangu imepigwa muhuri wa Izhevsk 1942, na ilikuja imejaa grisi ngumu ya stoo mpaka bolti, kile chuma kinachoteleza mbele na nyuma kufunga chemba ya risasi, inaenda kwa kulazimisha. Nikasema leo naifungua yote.

Kabla ya kugusa chochote nilihakikisha hakuna risasi, nikachungulia chemba, nikaingiza na kidole, na risasi zenyewe nikaziacha chumba kingine kabisa. Halafu unabonyeza traiga huku unavuta bolti nyuma, inatoka yote mkononi, huhitaji hata bisibisi.

Pale nyuma kuna kile kitufe cha mviringo, unakivuta kwa nguvu na kukizungusha kushoto ili springi ilegee, kichwa cha mbele cha bolti na ule mwamba wake, kile kipande kirefu cha chuma, vinatoka vyenyewe. Huo mwamba una tundu linaloshika pini sawasawa, ndo spana yako hiyo, unafungua pini kama unafungua nati. Ukifika uzi wa mwisho kinga kwa kiganja jamani, na vaa miwani, maana springi inairusha pini mbele. Mimi ilinitoka ikagonga kabati la jikoni, nikaitafuta chini ya friji na tochi.

Usafi wenyewe ni maji ya moto sana na mafuta ya taa, ile grisi ikaanza kutoka rangi ya asali, nikafuta, nikakausha, nikapaka mafuta kidogo.

Sasa kurudisha, hapa ndo nilipokosea. Unasimamisha ncha ya pini juu ya kipande cha mbao, unaibana bolti chini, unafunga kitufe nyuma. Nikakaza mpaka mwisho nikidhani kukaza zaidi ni bora. Nilipoenda kulenga shabaha, tik, kimya. Nikasubiri kama nusu dakika mtutu ukiwa umeelekea shabaha, nikaitoa risasi, praima, kile kiduara cha nyuma ya risasi, ina alama ndogo tu kama umegusa na ncha ya kalamu. Ukikaza sana pini inarudi ndani haifiki, na ukilegeza sana inatokeza mno, inaweza kutoboa praima na moto wa baruti ukakurudia usoni, hilo ndo linalonitia hofu.

Mzee jirani yangu, mwenye Mosin tatu, akaniazima kile kibisibisi cha Kirusi chenye mikato miwili, 75 na 95. Ncha ya pini lazima iguse mkato wa 75, na kwenye ule wa 95 isiguse kabisa. Yaani kati ya milimita 1.9 na 2.4 hivi. Yangu ilikuwa haigusi hata 75! Nikalegeza kidogo, nikapima, nikalegeza tena, mpaka ule mfereji wa nyuma ya pini ukalingana na alama ya kwenye kitufe, na vipimo vyote viwili vikakaa.

Jumamosi nikarudi na risasi kumi. Zote zimelia, na kila ganda niliokota nikaliangalia, shimo la praima ni la duara, limezama vizuri, halijatoboka. Nikirudi nyumbani nikamwaga maji ya moto mtutuni na kwenye uso wa bolti, kwa sababu risasi za zamani za Kisovieti zinaacha chumvi inayoleta kutu, na sikutaka ilale nayo usiku.